Wifi Yangu Kilomita

Wifi yangu tulimwita Kilomita, na jina hilo nilimpa mimi, tena kwa kejeli. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, Mama alimuuliza anafanya kazi gani, akasema anakata tiketi za ndege. Mimi na domo langu hili lisilo na kufuli nikadakia, "Haya mkata tiketi, kutoka hapa mpaka mwisho wa dunia ni umbali gani?" Nilitaka tucheke tu. Yeye hakucheka. Akanitazama kwa makini, akauliza, "Mwisho upi, wifi? Wa mashariki au wa magharibi?"

Nikasema moyoni, huyu ama ni mjinga ama ni mtu. Alikuwa mtu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mtaani wananiita Cheche, na si kwa ajili ya kazi peke yake. Nina karakana yangu, nina mashine yangu, na mwanamume akinijia na maneno ya "mwanamke na moto wapi na wapi" anaondoka na masikio yanawaka. Nyumbani tulizaliwa watatu: Mkubwa, ndiye aliyemwoa Kilomita, mimi, na Kitinda, ambaye mpaka leo ana ndevu na bado Mama anamkatia nyama. Baba alishafariki. Ndani ya nyumba ile neno la Mkubwa lilikuwa sheria, na Mama ndiye aliyekuwa mhuri wake.

Ofisi ya Kilomita ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Feni mbovu, viti vitatu, na saa nne za ukutani, kila moja na mji wake, ya mwisho imekufa betri tangu enzi. Mezani palikuwa na ule mpira wa ramani ya dunia, umebonyea upande mmoja, na uzi mweusi wa kushonea. Watu walipanda ngazi zile si kukata tiketi tu, walikwenda kumuuliza. Mwanangu yuko mji fulani, ni mbali kiasi gani? Akiugua nitamfikia lini? Basi anauchukua uzi, anaukaza juu ya mpira kutoka mji huu mpaka ule, anaupima kwenye rula, anakutajia kilomita, kisha saa.

"Ramani ya karatasi inadanganya," aliniambia siku moja nilipompelekea chakula. "Wameinyoosha. Dunia haijanyooshwa. Uzi haudanganyi."

Halafu anakupa somo, uwe umeliomba usiliombe. Saa za angani si saa za safari. Ongeza foleni, ongeza mabegi, ongeza barabara. Halafu usisahau jua. Ukienda mashariki jua limekutangulia, ukirudi magharibi unalikimbiza. "Tiketi ina saa za miji miwili, wifi. Ukizijumlisha kama nyanya sokoni utalala uwanjani." Mimi nilipiga miayo. Nilimwambia, "Dada, mimi mlango ukiwa mita mbili ni mita mbili, jua lichomoze lisichomoze." Akacheka mpaka akaangusha uzi.

Ningejua, ningesikiliza.

Mkubwa alianza kumpiga mwezi wa tatu wa ndoa. Mara ya kwanza alisema chai ilikuwa ya moto. Mara ya pili ilikuwa ya baridi. Alimpiga kwa mkono, kwa mkanda, kwa waya wa pasi. Alimvunja kifundo cha mkono wa kushoto kwa kuubana na mlango, taratibu, huku anamuuliza ni nani yule mteja aliyemchekea. Alipokuwa na mimba ya miezi mitano alimpiga teke moja tu. Moja lilitosha. Alimzaa mtoto amekufa kwenye sakafu ya bafu, na mimi ndiye niliyesafisha ile sakafu. Nasema haya kama yalivyokuwa kwa sababu nyumbani kwetu hayakuwahi kusemwa.

Nyumba yetu ilikuwa na utaratibu wake. Mkubwa akipandisha sauti, Kitinda anafunga mlango, mimi nafunga madirisha, Mama anafungua redio hadi mwisho. Hakuna aliyetufundisha. Ilitokea mara ya kwanza, ikawa ndiyo desturi. Majirani wakawa wanasema, "Wale wanapenda muziki." Ndiyo, nilifunga madirisha. Mimi, Cheche, mkali wa mtaa, nilifunga madirisha miaka minne. Damu nzito kuliko maji, walisema, na mimi nikajifunika na msemo huo kama blanketi. Naona aibu hadi leo, na sitaki mtu anipoze.

Polisi walikwenda mara moja. Yaani Kilomita alikwenda kwao, mkono umefungwa, jicho limevimba. Wakamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya ndani, rudini mkayamalize." Alirudi, na Mkubwa akayamaliza kweli.

Kisha Mungu akatupa nafuu. Mkubwa akapata kazi ya kuendesha kreni bandarini, mji wa mbali huko mashariki. Mkataba wa miaka, likizo mwezi mmoja kwa mwaka. Siku aliyoondoka Kilomita alirudi ofisini, akachukua uzi, akaupima mji ule. Aliniita nione. Uzi ulitoka kwetu ukapanda juu, ukapita mahali ambapo sikutarajia, ukashuka.

"Kilomita elfu nane na mia mbili," alisema. "Kuja huku saa kumi na dakika kumi angani. Kwenda ni pungufu kidogo, upepo unasukuma mgongoni. Kule wametutangulia saa tano. Sisi tukinywa chai saa moja asubuhi, wao ni saa sita mchana." Akaukunja ule uzi kidoleni. "Wifi, huyu ndiye mume wangu mzuri. Hizi kilomita."

Miezi kumi na moja ya mwaka alinenepa, akaimba jikoni, akamtania Kitinda kuhusu ndevu zake tatu. Ukifika mwezi wa likizo anaanza kukonda kabla mtu hajatua. Na kila mwaka ni yeye huyohuyo aliyetuambia tuwe uwanjani saa ngapi. Anapiga hesabu zake, anasema, "Mama, mwanao ataingia hapa getini saa mbili na robo," na saa mbili na robo kaka anaingia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuhesabu. Aliyepigwa ndiye aliyekuwa saa yetu.

Mwaka wa pili kampuni ya Mkubwa ilitoa viza kwa wake wa wafanyakazi, za miaka mitano. Ya Kilomita ilitoka, ikabandikwa kwenye pasipoti yake. Mkubwa akabadili mawazo, akampigia simu, "Ichome hiyo pasipoti, kule wanawake wanaharibika." Kilomita akasema ameshaichoma. Aliniletea karakanani imefungwa kwenye nailoni, nikaitia ndani ya kopo la vijiti vya kuchomelea, chini kabisa. Kitinda anaogopa karakana yangu kama paka anavyoogopa maji, kwa hiyo pale palikuwa salama kuliko benki.

Mwaka wa nne wa ndoa, likizo ilipoisha, alibaki na mbavu mbili zimevunjika. Hakulia. Alisubiri ndege iruke. Nyumba yetu iko chini ya njia ya ndege, zikipita vikombe vinagongana kabatini. Ile ya kaka ilipopita, alisimama akishikilia ubavu, akaenda mahakamani, akafungua kesi ya talaka. Wiki tatu baadaye barua ya mahakama ikamfikia Mkubwa kwenye simu.

Hakujibu barua. Siku ya pili, alfajiri, kumi na moja na nusu, simu ya Mama ililia. Mama alikuwa ameshaamka kwa sala, akaiweka kwa sauti ili Kitinda naye asikie. Mimi nilikuwa mlangoni navaa viatu vya kazi.

"Mama, niko uwanjani. Ndege inaondoka saa tano, safari saa kumi. Mfungieni huyo malaya asitoke. Nakuja kumzika." Nyuma yake spika za uwanja zilikuwa zinabwata. Simu ikakatika.

Walimkuta Kilomita akipiga mswaki. Kitinda alimshika nywele, Mama akamshika mkono, ule wa kushoto, uliovunjika zamani. Alipiga kelele moja tu, povu la dawa likamrukia Mama usoni. Wakamburuta ukumbini, goti lake likagonga kona ya kabati, damu ikachora mstari mpaka stoo. Nilisema, "Mama! Mama, mnafanya nini?" Mama akanigeukia, "Wewe ni wa nani? Wa tumbo hili au wa tumbo lile?" Wakamtupa ndani, wakafunga kufuli. Ufunguo Mama akautia kifuani.

Na mlango wa stoo ile, wa nondo nene, niliuchomelea mimi. Mkubwa alisema ni wa kulinda vitu vyake anavyoleta. Niliupiga rangi mara mbili.

Mama akakaa mezani akahesabu kwa vidole. "Anaondoka saa tano. Safari saa kumi. Saa tano na kumi…" Akafika mwisho wa vidole, akaanza upya. "Saa tatu usiku atakuwa hapa."

Nami nikahesabu kichwani, nikapata hivyohivyo. Saa tatu usiku. Nikajiambia, Cheche, tulia. Ukianzisha vita sasa hivi watamhamisha. Mama hutoka kila siku saa kumi na mbili jioni kwenda kwa rafiki yake, Kitinda akibaki peke yake hana lolote. Saa kumi na mbili na nusu utamtoa, utamsafirisha kwao, kaka atafika amkose. Nikaenda kazini. Naapa, nilikwenda kazini, nikachomelea geti la watu, huku mtu anasubiri kuuawa nyumbani kwetu.

Mchana nilirudi nimpelekee maji. Kitinda alikuwa kwenye kiti mbele ya stoo, ameshika mpini wa jembe. "Maji tu," nilimwambia, "au unataka kaka amkute amekufa kwa kiu, amuulize nani?" Akasogea akaenda kusimama ukumbini. Nikapitisha chupa kwenye nondo. Kilomita alikuwa amekaa chini, goti limevimba kama nazi.

"Wifi, saa ngapi?"

"Saba na nusu. Usiogope. Anafika saa tatu usiku. Mimi saa kumi na mbili na nusu…"

"Nani amesema saa tatu?"

"Anaondoka saa tano, safari saa kumi. Jumlisha."

Alifumba macho. Nilidhani anasali. "Wifi," alisema polepole, kama unavyosema na mtoto aliyeshika kisu, "alipopiga simu, nyuma yake walikuwa wanasema nini?"

Nikakumbuka. Zile spika. "Walikuwa wanaita abiria. Abiria wa mwisho, sijui mlango wa ngapi."

"Abiria wa mwisho wanaitwa ndege ikiwa inataka kufunga milango. Si saa tano kabla." Alishika nondo. "Saa tano aliyosema ni ya kule. Hapa ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Yuko angani tangu asubuhi, wifi. Anatua saa kumi na dakika kumi. Jioni hii hii."

Nikasema ujinga, kwa sababu ndivyo nilivyo nikiogopa, "Una hakika?"

"Mmemfungia mtu mmoja tu humu ndani anayejua kuhesabu, halafu unamuuliza kama ana hakika?"

Lo! Hata pale alinichapa.

Akaendelea harakaharaka, kwa mnong'ono. Foleni ya pasipoti dakika ishirini. Mabegi, hakuna. "Mtu anayekuja kuua habebi sanduku." Teksi dakika thelathini, tano za kutafuta. Saa kumi na moja na dakika tano atakuwa hapa mlangoni. Na basi la kwenda kwao halifai, njia ni moja, atalifukuza na gari na kulikuta. "Lakini ndege iliyomleta inageuka. Inarudi kulekule saa kumi na moja na dakika arobaini. Mimi nina haki ya tiketi ya wafanyakazi, ya kusubiri nafasi. Mpigie mwenzangu ofisini aniandike. Pasipoti bado ipo?"

"Unataka kwenda mji wake?" nilisema. "Umechanganyikiwa?"

"Atanitafuta kila mahali isipokuwa alikotoka. Na nikiruka yeye akiwa hapa, kuna kilomita elfu nane tena. Zile zile."

Nilimpigia mwenzake nikiwa ninakimbia. Karakanani nikatoa pasipoti, nikachukua grenda, ile mashine ya kukatia chuma, na waya mrefu wa umeme, nikapanda bodaboda nimeikumbatia kama mtoto. Saa nane na nusu nilikuwa ukumbini nachomeka plagi.

Kitinda akasema, "Dada, unafanya nini?"

"Nabomoa nilichojenga. Toka."

Alinipiga na mpini mgongoni. Nikaanguka na magoti. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni, nikampangusa kamasi. Nikawasha grenda. Mnaijua sauti ile ndani ya nyumba? Meno yanauma. Nilimwelekezea cheche usoni, akarudi nyuma anafunika macho, nami nikaiweka diski kwenye kufuli. Mama akatoka chumbani anapiga yowe, "Unaua ndugu yako! Unaua nyumba yako!" Halafu, wallahi sisemi uongo, akaenda mbio akafungua redio hadi mwisho. Mkono wake ulishazoea.

Kufuli likaanguka. Kilomita alipotoka Kitinda alimvizia, akampiga begani, nikasikia mfupa. Niliokota lile kufuli likiwa bado la moto, nikamshindilia nalo gotini. Akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, "Dadaaa!" Nikamwacha chini. Sikumwonea huruma siku ile. Baadaye nilimwonea.

Nje, mwenye bodaboda alikuwa anasubiri, macho yamemtoka. Nilimfunga Kilomita bega kwa khanga, nikamtia pasipoti mkononi. Akasema, "Panda, wifi, twende wote."

Nilitamani. Lakini na mimi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimehesabu. Atafika saa kumi na moja na dakika tano. Ndege saa kumi na moja na dakika arobaini. Akikuta nyumba imevunjwa, Mama atamwambia mkeo kaondoka na pikipiki, ana pasipoti. Mkubwa si mjinga. Atageuza teksi ileile. Uwanjani akisema mke wangu ameniibia, watamshusha kwanza, ukweli baadaye. Zilikuwa dakika thelathini na tano, na lazima mtu azikalie.

"Nenda," nilisema. "Kilomita gani hizi unasimama kuzungumza? Nenda!"

Nikarudi ndani. Nikamwambia Mama nimempeleka kwa rafiki yangu, hapa mtaani, na sitamtaja mpaka Mkubwa mwenyewe aje aniulize. Mama akaamini, kwa sababu alitaka kuamini. Kisha nikafungua madirisha yote. Nikafungua mlango wa mbele, nikauwekea jiwe usijifunge. Redio nikaing'oa ukutani, nikaitupa uani, ikapasuka. Mama akaitazama kama maiti. Nikakaa kwenye kiti nikitazama saa ya ukutani.

Saa kumi na moja na dakika nne, teksi ilisimama. Alikosea kwa dakika moja, Kilomita.

Mkubwa aliingia bila begi. Shati moja, macho mekundu, midomo imekauka kwa hewa ya ndege. Mama alishtuka mpaka akashika ukuta, "Mwanangu, si saa tatu?" Akampita. Aliuona mlango wa stoo, kufuli sakafuni, Kitinda ameshika goti.

"Yuko wapi?"

"Karibu nyumbani," nilisema. "Habari za safari?"

Kofi la kwanza lilinitoa kitini. Nilisimama. "Ni hilo tu? Kule bandarini hawakulishi?"

Sijui niliyatoa wapi maneno yale. Nilijua kitu kimoja tu, mtu mwenye hasira anamtaka wa kumpiga, na akimpata haondoki. Alinipiga ngumi za tumbo. Alinishika nywele akanigonga uso ukutani mara mbili, na ile ya pili nilisikia pua ikivunjika, damu ikanijaa kooni. "Yuko wapi?" Nikatazama saa. Kumi na moja na dakika kumi na mbili. Dakika nane! Nilidhani umepita mwaka.

"Unajua," nilimwambia, "tulipokuwa wadogo ulikuwa unakojoa kitandani, nikabadilisha mashuka Baba asijue. Ningemwambia."

Akachomoa mkanda. Upande wa chuma. Nikajikunja, ukanikuta mgongoni, kichwani, mkononi. Nilipiga makelele kwa nguvu zangu zote, na kelele zile zikatoka nje kupitia madirisha manne na mlango mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, mtaa ulisikia. Fundi bomba wa nyumba ya pili akaja dirishani. Muuguzi wa mkabala akaja na simu imeinuliwa, anarekodi. Mkubwa hakuwaona. Ameshazoea kupigia kwenye muziki, hajui kuna watu duniani.

"Sema!"

"Nitasema. Nipe maji kwanza."

Alinipa teke la taya. Nikasikia kitu kinapasuka ndani ya kichwa changu, kama kuni. Nikiwa sakafuni niliona saa kwa jicho moja. Kumi na moja na dakika arobaini na mbili, na ndege bado. Mama alikuwa analia, "Basi, basi, utaniulia," lakini akiwa amesimama palepale. Mkubwa aliinua kiti.

Ndipo vikombe vikaanza kugongana kabatini. Kwanza polepole, kisha kabati lote. Ilipita juu ya bati letu kwa kishindo mpaka vumbi likadondoka darini, naye akasimama na kile kiti juu, anasubiri kelele ziishe ili aendelee. Nilijivuta nikakaa. Maneno yalitoka na meno.

"Ile… ndiyo ndege yako. Mmepishana."

Hakuelewa. Kisha nikaona anaelewa. Akatupa kiti, akakimbilia mlangoni, na mlangoni pale palikuwa na fundi bomba na wanaume wengine watano, na yule muuguzi nyuma yao. Alirusha ngumi, akamvunja fundi bomba jino. Wakamlaza chini. Walimpiga, sifichi, nami sikusema waache.

Kwa miaka minne ya kumvunja mkewe, polisi walisema ni mambo ya ndani. Kwa dakika arobaini za kunivunja mimi, mlango ukiwa wazi, wakamfunga miaka sita. Kibali chake cha kazi kule kikafa kabla hajatoka rumande. Mama hasemi nami. Kitinda anachechemea, lakini siku hizi anakuja karakanani, anakaa mlangoni.

Nililazwa. Taya walinifunga kwa waya, juu na chini, wiki sita. Mimi! Manesi walinicheka, mtaa mzima ulikuja kuniona nimenyamaza.

Asubuhi ya kwanza hospitalini, saa moja, muuguzi wa wodi aliniwekea simu sikioni. "Gonga mara moja kama ndiyo, mara mbili kama hapana," alinielekeza.

"Wifi? Nimefika. Saa tisa na dakika hamsini angani, upepo ulikuwa mgongoni. Huku ni saa sita mchana." "Nilimwona, wifi. Yeye anatoka chini, mimi niko juu nyuma ya kioo. Alipita karibu kama mlango na dirisha. Wifi? Mbona husemi? Upo?"

Nikagonga simu kwa ukucha. Mara moja.

"Umenyamaza? Wewe?" Akataka kucheka, akaacha. Nilimsikia anapumua. "Alifika nyumbani saa ngapi?"

Nikagonga. Nikagonga mara kumi na moja, nikapumzika, nikagonga mara nne. Akahesabu, kama anavyohesabu kila kitu.

"Na ndege ilichelewa kidogo kuacha ardhi," alisema. Kisha akaanza kulia, kilio ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani kwetu, hata siku ya sakafu ya bafu. "Dakika arobaini, wifi. Ulikuwa naye peke yako?"

Nikagonga mara moja.